Pingamizi la Kiwanja cha Chini

Alikuja saa mbili asubuhi amevaa viatu vya kwendea benki, michoro yake kaibana kwapani kama mkeka wa mtu anayekwenda kulala ugenini. Nilikuwa mlangoni mwa stoo ya bustani nikinoa kisu cha mashine ya kukatia nyasi. Nilimwona tangu getini. Nilimwona anavyokwepa tope, anavyosimama kujipangusa jasho, anavyokohoa kidogo kusafisha sauti kabla hajanifikia. Sikunyanyua kichwa. Moyo ndio ulionyanyuka wenyewe bila kuniomba ruhusa, na niliuchukia kwa hilo.

"Habari za asubuhi, msimamizi."

"Nzuri, mtaalamu. Umepotea? Ofisi zenye viti vya kuzunguka ziko upande ule."

"Nimekuja kwako."

"Kwangu kuna ndoo. Igeuze ukae."

Alicheka. Hakukaa, alihofia suruali.

Huyu ndiye mwanamume niliyempenda miaka minne iliyopita, wakati huo akiwa mwanafunzi wa mipango anayekuja kupima miti yangu na kuisahau akiniona. Tuliachana, na nitasema kwa nini. Sasa alikuwa amerudi na cheo. Manispaa ilimpa kazi ya kuandika mpango wa miaka ishirini wa kuiboresha bustani yetu ya umma, kuanzia viwanja vya michezo, bembea, njia za miguu na vyoo hadi taa na kila mti. Mpango huo ulikuwa uwekwe mbele ya kamati ya bustani siku ileile, saa nane mchana. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama yake mzazi. Mama anaongoza kikao, mwana analeta mpango, wajumbe wanapiga makofi. Ukoo mzima ungeweza kumaliza kazi hiyo mezani kwao wakila.

"Kanuni zinataka msimamizi aione michoro kabla ya kikao," alisema.

"Zinataka niione. Hazitaki nifurahi."

Akatandaza makaratasi juu ya meza yangu ya kazi, akakandamiza pembe kwa mkasi wa kupogolea, koki mbovu na kikombe changu cha chai. Nisiwe mnyimi wa ukweli, michoro ilipendeza. Nyasi zilikuwa za kijani ambacho mimi, kwa miaka kumi na mmoja ya kumwagilia, sijawahi kukipata. Na watu! Aliwachora warefu, wembamba, wote wanatabasamu, hakuna hata mmoja mwenye mzigo. Hapakuwa na mjamzito, wala mzee wa mkongojo, wala mtu anayeharakisha kwa sababu choo cha karibu kimefungwa.

"Hawa ni watu wa wapi?"

"Ni watu wa mfano tu."

"Mfano wa nani? Sijawahi kumfukuza hata mmoja wao kwenye maua."

"Wewe hujabadilika," alisema taratibu, na akanitazama vile alivyokuwa akinitazama zamani, kama mtu anayesoma barua. Nikainamia mchoro haraka.

Vyoo alikuwa ameviweka mahali pazuri, karibu na bembea na mbali na mtaro. Nilimwambia hivyo, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu sikutaka aseme namwonea. Uso ukamng'aa kama wa mtu aliyevishwa kilemba, wala hakikuwa cha ukoka. Halafu kidole changu kikafika kwenye pembe ya chini ya mchoro, palipopakwa rangi ya kijivu.

"Na hapa?"

"Maegesho. Magari sitini, awamu ya kwanza."

"Hapa ni kiwanja cha chini."

"Najua. Takwimu zinaonyesha hakitumiki." Alifungua taarifa yake nene, ukurasa wa thelathini na moja, akaugonga kwa ukucha. "Wastani wa watumiaji wanne kwa siku. Kiwanja kizima, watu wanne. Huwezi kuitetea ardhi hiyo."

"Nani alihesabu?"

"Makarani wawili wa ofisini kwetu. Wiki mbili kamili, Jumatatu hadi Ijumaa."

"Kuanzia saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri." Alisita. "Ndio muda wa kazi."

"Na saa ya chakula?"

"Walikwenda kula."

Niliweka kisu chini, maana kucheka huku umeshika kisu ni hatari. Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye akasimama tu akisubiri nimalize, kama watu waliosoma wanavyosubiri mvua ipite.

"Unataka kuwajua hao wanne?" nilimwambia nikijifuta macho. "Kila asubuhi, kama saa nne, napita kiwanja cha chini na toroli la mboji kwenda kwenye vitalu. Huyo mmoja. Narudi na toroli tupu. Wawili. Mchana, kama saa nane, nakwenda tena. Watatu. Narudi. Wanne. Mtaalamu, watumiaji wako wote wanne ni mimi."

Masikio yake yalianza kubadilika rangi, yalikuwa hivyo hata zamani.

"Siku kumi, mara nne kwa siku," nikaendelea. "Umeniandika mara arobaini kwenye taarifa yako, na bado ukaandika kwamba mahali pale hapana mtu."

"Usiligeuze likawa hivyo."

"Limejigeuza lenyewe. Twende ukaone."

Nilimtanguliza kwenye nyasi zenye umande makusudi. Viatu vilianza kulia baada ya hatua kumi. Kiwanja cha chini kilikuwa kitupu, kama kinavyokuwa saa hizo, tambarare, majani mafupi, miti ya kivuli upande mmoja. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini huyu alikuwa na macho ya ofisi, ikabidi nimwambie. Nilimwonyesha duara ambalo majani yake hayaoti tena, mahali ambapo wanawake wa kiwanda cha kushona hucheza mpira wa pete wakitoka kazini saa kumi na moja. Nilimwonyesha mahali kwaya inaposimama Jumapili alasiri, na mstari uliopinda wa watu wazima wanaojifunza baiskeli kwa siri, maana hapa hawaonekani kutoka barabarani. Mwisho nikampeleka kwenye bomba la chuma lililosimikwa usawa wa kiuno, refu kama hatua thelathini.

"Hili la nini?"

"La kushikilia. Saa kumi na mbili asubuhi, wagonjwa wa kiharusi kutoka zahanati huletwa hapa na ndugu zao kabla ya kwenda kazini. Juu kuna mteremko, hawawezi. Hapa wanajifunza kutembea upya. Baba yangu ndiye aliyelisimika bomba hili alipokuwa bado mfanyakazi wa bustani, halafu akaja kulishika mwenyewe."

Akageuka. "Baba yako?"

"Mwaka uliofuata baada ya wewe kuondoka. Miezi saba alikuwa hapa kila asubuhi."

"Sikujua."

"Ungejuaje? Huwa mnafungua saa tatu."

Aliweka mkono juu ya bomba, akalipitisha kiganja polepole. Kwa muda hakuwa mtaalamu. Alikuwa yule kijana wa kupima miti, mwenye kuguswa na vitu, na nikahisi jambo lililoniudhi kuliko ujinga wake wote: nilitaka kumshika.

"Nimekosea," alisema.

"Umekosea."

"Lakini sasa nifanyeje? Taarifa imeshasainiwa. Nisimame leo niseme nilihesabu vibaya, mbele ya mama?"

"Mbele ya kamati."

"Ndiyo, ya kamati."

"Umesema mama."

Akapumua. "Tunaweza kulirekebisha awamu ya pili. Kutakuwa na mapitio."

"Awamu ya pili ni mwaka wa nane, nimesoma. Na wenye kiharusi wasubiri wamekaa?"

"Nielewe basi!" Alinishika mkono, mkono wangu wenye mafuta ya mashine, na hakujali. "Sikuja kwa michoro tu. Ningeweza kumtuma karani. Miaka minne sijaoa. Kila mwanamke ninayeletewa namlinganisha na wewe, na unamshinda kabla hujafungua mdomo. Nimeomba kazi hii kwa sababu bustani ni yako. Nataka kuja kwenu. Nataka nikuoe."

Maneno hayo niliyasubiri miaka minne. Niliyasikia, nikayashika, nikatamani kuyala. Kisha nikakumbuka sebule.

Sebule ya mama yake, Jumamosi moja, mimi nimeketi kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, ubavuni mwake. Mama yake alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, hakufika usoni. Akamwambia mwanawe, kama vile mimi nilikuwa chakula mezani kilichofunikwa kawa, "Nilikusomesha upange bustani. Sikukusomesha uje kuoa anayezifagia." Nikamgeukia yeye. Nilisubiri neno moja, lolote, hata lenye kigugumizi. Akachukua kijiko akaanza kukoroga chai, chai ambayo hakuwa ametia sukari. Nilinyanyuka nikatoka peke yangu, na hadi nafika njia kuu hakuna aliyeniita. Sikumwacha kwa sababu ya maneno ya mama yake. Mama ana haki ya kuwa mjinga nyumbani kwake. Nilimwacha kwa sababu ya kile kijiko.

"Sikiliza," nilimwambia, nikautoa mkono wangu. "Kanuni unazijua. Mwenyekiti atauliza pingamizi mara tatu. Likitoka kwa msimamizi au kwa mtaalamu mwenyewe, moja tu latosha, mpango unarudi kupitiwa upya. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Leo mimi nitakaa mikono mapajani. Liweke wewe. Usimame mbele ya mama yako useme jambo moja la kweli ambalo yeye halitaki. Ukifanya hivyo, jioni njoo nyumbani uzungumze na baba. Usipofanya, usije hata kwa kuota."

"Nitaliweka."

"Usijibu haraka hivyo, utaniogopesha."

"Nitaliweka! Haki ya Mungu."

"Kiapo weka akiba. Mimi nataka mkono."

Aliondoka akinikumbatia kwa macho mpaka getini, viatu vyake vikilia kama vyura. Na mimi, mwenye ulimi mrefu na dharau za kutosha bustani nzima, nilifanya upumbavu wangu. Saa sita nilimpigia baba simu nikamwambia huenda jioni tukapata mgeni, akithubutu kusema kikaoni. Hakuuliza nani.

*

Ukumbi wa bustani una viti themanini. Siku hiyo tulikuwa watu kumi na tisa, saba kati yetu wajumbe wa kamati. Wanaokitumia kiwanja cha chini wote walikuwa vyerehani, zahanatini na madukani, kwa kuwa kikao chenyewe, kama ile hesabu, kiliitishwa saa za kazi.

Mama yake alikuwa mbele, amekaa wima kama ubao. Watu wote humwita Mwalimu. Aliwahi kuwa mwalimu mkuu wa shule kubwa, akastaafu akaondoka na kengele ya shule, na vikao vyetu vyote huviendesha kwa kengele hiyo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe kaa nyuma, una udongo."

"Ni udongo wa bustani yako, Mwalimu."

"Ndiyo maana nakwambia kaa nyuma."

Nikakaa nyuma. Kutoka pale nilimwona mwanawe vizuri. Alikuwa amebadilisha viatu.

Mjumbe mmoja, fundi viatu mwenye sauti ndogo, aliuliza kama wale wachezao jioni wameambiwa.

"Tangazo limebandikwa wiki mbili," alijibu Mwalimu. "Asiyekuwapo na lake halipo."

Lilibandikwa ndani ya ofisi yake, nyuma ya mlango ambao hukaa wazi, kwa hiyo aliyelisoma ni ukuta. Fundi viatu akakaa.

Kisha mtaalamu akasimama. Jamani, anajua kuzungumza! Miaka ishirini aliipitisha kama mtu anayefungua mapazia: miti itakayopandwa leo wajukuu waje kuvuna kivuli chake, taa za jua, njia pana za viti vya magurudumu, bembea zenye mchanga laini chini yake. Wajumbe waliitikia kwa vichwa. Nami nyuma pale nilijikuta najivuna kwa ajili yake, kama mke. Najidharau hadi leo nikikumbuka. Alipofika kwenye maegesho sauti ilishuka, akasema "na sehemu ya chini itahudumia magari," akageuza ukurasa. Ukurasa wa thelathini na moja haukuguswa. Nikajiambia anauweka akiba kwa ajili ya pingamizi.

Mwalimu akashika kengele.

"Pingamizi, mara ya kwanza?"

Mtaalamu alikuwa anapanga makaratasi yake, akiyalinganisha pembe kwa pembe.

"Mara ya pili?"

Akainua macho akanitazama. Si mama yake, ni mimi aliyenitazama, moja kwa moja hadi kiti cha mwisho. Nilidhani anaomba nguvu. Nikampa. Nilitikisa kichwa kidogo, sawa, twende, kama nilivyokuwa nikimtikisia baba kwenye lile bomba asubuhi alipobakiza hatua tatu. Mikono yangu ilikuwa mapajani, nimeifumbata mpaka kucha zikaniuma. Sema, nikamwambia kimoyomoyo. Sema vibaya, sema kwa kigugumizi, lakini sema.

"Mara ya tatu na ya mwisho?"

Bado alinitazama. Kengele ikaanza kunyanyuka mezani. Niliona vidole vya Mwalimu vikiukamata mpini, niliona midomo ya mwanawe imefungwa, na nikawaona watu wa saa kumi na mbili wamefika asubuhi na ndugu zao wakakuta magari.

Mkono wangu ukapanda.

"Napinga," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Na hata Mwalimu hajamaliza kugeuza shingo, mkono mwingine ukapanda kule mbele.

"Na mimi," alisema mtaalamu. "Mwenyekiti, naungana na msimamizi."

Naungana!

Halafu akazungumza vizuri mno. Alisema hesabu ilifanywa saa za ofisi tu, alisema kiwanja kina watu alfajiri na jioni, alizitaja hata zile hatua thelathini za bomba. Yote niliyompa asubuhi aliyatoa yamepigwa pasi. Ukumbi ulinong'ona. Fundi viatu alipiga makofi peke yake, akaacha.

Mwalimu alimngoja amalize. Akavua miwani.

"Kama uliyajua yote hayo," alimwuliza mwanawe, "kwa nini hukusema mara ya kwanza?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikubaliana na Mwalimu. Mwanawe alitafuta jibu kwenye karatasi zake, hakulipata, maana humo kulikuwa na miti tu. Mpango ukarudishwa. Ikaamuliwa watu wahesabiwe upya miezi mitatu, siku zote saba, kuanzia kunapokucha hadi kunapokuchwa. Kengele ikalia.

*

Alinikimbilia nje, tai imepinda, amejaa furaha kama mtoto aliyefaulu.

"Umeniona? Umeona nimenyoosha? Mbele ya mama!"

"Nimekuona."

"Nilikuwa natetemeka, lakini nimesema. Sikukoroga chai safari hii!"

Kwa hiyo alijua. Miaka yote minne alikuwa anakijua kile kijiko.

"Ulinyoosha baada yangu," nilisema.

"Sekunde moja! Mbili!"

"Kengele ilikuwa imeshanyanyuka. Ulikuwa unasubiri nini?"

"Sikuwa nasubiri." Akatabasamu, akanisogelea, akasema neno lake kwa upendo kabisa, kama sifa. "Nilijua tu utanyoosha wewe. Nakujua. Usingekiacha kiwanja kile kiende."

Nilimtazama. Shati safi, macho mazuri, shavu ambalo bado nakumbuka lilivyo joto. Na nikaelewa ule mtazamo wake wa mara ya pili. Hakuwa anaomba nguvu. Alikuwa ananihimiza nitangulie.

"Na kama nisingenyoosha?"

"Si ulinyoosha?"

"Kama nisingenyoosha."

Kando ya gari mama yake akaita, "Wewe! Mimi nimesimama kwenye gari." Akageuka mzima mzima, akasema, "Nakuja, mama," kisha akanirudia haraka.

"Tutaongea jioni. Nakuja kwenu, kama tulivyokubaliana."

"Usije."

"Nini?"

"Nimesema usije."

"Kwa sababu ya sekunde mbili? Kiwanja si kimepona? Unataka nini zaidi, nimpige mama yangu?"

"Nilitaka usimame nikiwa nimekaa. Mara moja tu." Niliendelea haraka, maana nikinyamaza ningemkumbatia. "Nyumba ina mambo kuliko bustani. Mama yako atauliza watoto wasome wapi, tukae kwa nani, baba yangu mgonjwa awekwe chumba gani. Kila akiuliza nitanyoosha mkono mimi, halafu wewe utaungana nami kwa maneno matamu. Siku nitakayochoka, nani atanyoosha?"

"Unanidharau."

"Ndiyo."

Lilimchoma, nikaona. Alimeza mate. "Basi hunipendi."

"Hilo sijalisema."

Alisimama pale akitafuta la kufanya na maneno hayo, na laiti angeyashika, laiti angenikamata bega akaacha gari liondoke, sijui ningefanya nini. Honi ikalia. Akatazama gari, akanitazama mimi, akasema, "Nitakupigia." Akaenda kwa hatua za haraka, michoro kwapani.

Nilirudi stoo nikafunga. Nilitembea hadi nyumbani kwa mguu ili uso upate muda wa kukauka. Watu wanadhani ukimdharau mtu umepona mapenzi yake. Sivyo. Nililia njia nzima, nikimtukana na kumtamani kwa pumzi moja, na laiti angetokea kwenye kona yoyote ningemtukana zaidi.

Baba alikuwa sebuleni. Alikuwa amevaa shati jeupe la mikono mirefu, lenye mistari ya pasi, amekifunga kila kifungo hadi shingoni. Kazi hiyo, kwa mkono wake mmoja wenye nguvu, lazima ilimchukua mchana mzima. Viti viwili vilikuwa vimegeuzwa kuelekea mlango.

Alitazama nyuma yangu, akaona hakuna mtu.

"Mgeni haji?"

"Haji, baba. Nimemkataza."

"Alishindwa kusema?"

"Alisema. Nilipokwisha sema mimi."

Baba akainua ule mkono mzima hadi kooni, akakitafuta kifungo cha juu. Nilipiga magoti mbele yake nimsaidie, akauondoa mkono wangu polepole.

"Acha," alisema. "Hivi naviweza."